Walivyotusafishia Mlima wa Akiba

Vijana wangu mnaopeleka wageni milimani, nimeombwa niwaandikie habari za moto. Nilimwambia aliyeniomba kwamba darasa la saba langu lilikuwa la haraka haraka, na sehemu kubwa ya muda wa shule nilichunga mbuzi wa mwalimu, kwa hiyo mkikuta sentensi imepotea njia, isubirini, itarudi. Nimeongoza watu kwenye milima ya huku kwetu tangu magoti yangu yakiwa mapya mpaka yenyewe yalipoamua kustaafu, nami nikayafuata. Nitasimulia ninavyokumbuka. Kumbukumbu zangu hazijui kupanga foleni.

Huku kwetu, mvua zikishakatika, kila mtu ana sababu ya kuwasha kiberiti. Mkulima anasafisha shamba. Mfugaji anataka majani machanga. Mrina asali ameangusha porini kienge chake cha kufukuzia nyuki. Wengine wanatafuta panya wa vichakani. Mvuta sigara hana sababu yoyote, lakini naye yumo. Ikifika mwezi wa tisa au wa kumi, ukisimama Tunduma ukatazama upande wa Ileje huoni milima, unaona ukungu wa rangi ya majivu umelala juu ya vilima kama mtu aliyegoma kuamka. Na ndiyo miezi hiyo wageni wanapenda kupanda, kwa sababu hakuna matope.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa mrina asali, Mzee Ezekia. Yeye hakupanda mlima kwa kuupenda. Alisema mlima ni ngazi ya kuendea mizinga, na mtu anayepanda ngazi kisha anashuka bila asali ana matatizo nyumbani kwake. Lakini moshi aliujua. Alinifundisha kwamba moshi mweupe unaopanda taratibu asubuhi maana yake moto umelala, haujafa. Jua likipanda, upepo nao unaanza kupanda bonde, na moto unaupanda mlima pamoja nao, tena haraka kuliko mgeni yeyote niliyewahi kumwongoza, hata yule askari aliyekuwa akinicheka kwa kutembea na fimbo. Kwa hiyo usikae juu ya moto hata siku moja. Kaa chini yake, au kaa mahali palipokwisha kuungua, maana hapo hauna tena cha kula.

Jambo lingine alilonifundisha ni kwamba kila safari lazima iwe na mlima wa pili. Aliuita mlima wa akiba. Mimi nikiwa kijana niliuita mke mdogo, mpaka Mama Atu aliponisikia.

Mama Atu ni mke wangu. Ametutoka mwaka juzi, wakati wa kupalilia. Nitamtaja mara nyingi humu, mnivumilie. Siku hiyo alinisikia nikimwambia mgeni, "Huyu mkubwa akikataa, ninaye mke mdogo ng'ambo ya bonde, si mrefu lakini hana maringo." Chakula cha jioni nilikula kwa jirani. Tangu hapo nikaurudia msamiati wa Mzee Ezekia.

Sasa, mlima wa akiba una masharti yake, na mimi niliyajua kwa kuyavunja. Kuna wakati nilipeleka wafanyakazi wa ofisi moja ya Vwawa. Mlima wetu ukashika moto, nikasema msiwe na wasiwasi, upo wa akiba. Tukaenda wa akiba, nao ukawa unawaka. Kumbe nilikuwa nimechagua milima miwili iliyo kwenye mstari mmoja wa upepo. Ni sawa na kuweka akiba ya sukari ndani ya gunia lile lile lililotoboka.

Tukarudi kwa njia ya Isansa, watu wamenuna ndani ya gari. Mkubwa wao, bwana mmoja mwenye tumbo na suti mpya ya michezo, akasema, "Mimi siwezi kurudi Vwawa bila kupanda kitu. Watu wanajua nimeenda kupanda." Pale palikuwa na mashine ya kukoboa kahawa, na nje yake rundo la maganda lililofika usawa wa paa. Akalitazama. Nikamwambia, "Bosi, hilo linateleza." Akasema, "Hata milima mikubwa inateleza." Akalipanda na bendera mkononi, akazama mpaka kiunoni, wenzake wakampiga picha kwa chini ili mbingu zionekane nyuma yake.

Miezi baadaye nilipita ofisini kwao nikaikuta picha ukutani, ndani ya fremu. Wageni walikuwepo. Yule bosi akaniita, akaniuliza mbele yao, "Baba Atu, hebu wakumbushe, ule mlima unaitwaje?" Nikasema ni maganda ya kahawa. Sikupata tena kazi pale.

Kwa hiyo msichague wa akiba kwa uzuri wake. Chagueni kwa upepo. Uwe na njia yake ya gari, maji yake, na wenyeji wake muwe mmeongea nao kabla. Hili la mwisho ndilo lililonifikisha kwenye ile safari ya kwaya, na ndiyo hasa ninayotaka kuwasimulia.

Mama Atu aliuza maharage soko la Tunduma na aliimba kwenye kwaya ya kanisa letu. Yeye ndiye aliyekuwa mbele, wengine wakiitikia. Sauti yake ilikuwa nyembamba na safi. Akifanya mazoezi uani, madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya mpaka walikuwa wakipunguza redio. Hiyo niliiona mwenyewe, sijaambiwa.

Halafu koo likaanza kuvimba. Mwanzo tukasema mafua, baadaye tukaacha kusema mafua. Tukaenda hospitali Mbeya. Daktari, kijana mpole, akasema uvimbe lazima utolewe, ila mshipa wa sauti unapita pale pale, na yeye hawezi kuahidi kwamba mama ataimba tena.

Mama Atu akamuuliza, "Daktari, wewe unaimba kwaya gani?"

"Siimbi, mama."

"Ndiyo maana unalisema taratibu hivyo."

Akapangiwa kulazwa Jumatatu. Tulirudi nyumbani, akakaa kuchagua mawe kwenye maharage. Baada ya muda akasema bila kuinua kichwa, "Baba Atu, ule wimbo hatujaurekodi."

Wimbo wenyewe aliutunga yeye. Unahusu mlima wa Ishambo, kule Ileje, ambako alizaliwa chini yake. Unamshukuru Mungu kwa mlima ambao mama yake alikuwa akipanda kukata kuni, akaziuza, akamsomesha. Kwaya ilikuwa inapanga kwenda kuurekodia video kule kileleni tangu zamani, lakini walisubiri sare. Sare sasa zilikuwa zimetoka kwa fundi, satini nyeupe yenye utepe wa dhahabu. Kijana wa kamera, Frenki, alikuwa na nafasi Jumamosi. Ikipita hiyo Jumamosi, Jumatatu ni kisu, na baada ya kisu hakuna aliyejua.

Katikati ya wiki Ishambo ukawaka.

Kaka yake Mama Atu alipiga simu: msitu wa juu unaungua, wanaume wote wako huko na matawi mabichi wanaupiga, kijiji kiko salama lakini njia ya kileleni haipo. Nikaita kikao cha kwaya kanisani. Alikuwepo na Shabani, mwenye Fuso la kutubeba. Shabani ni mtu wa Tanga aliyehamia Tunduma kwa biashara, Mwislamu, na kwaya yetu aliipenda kuliko baadhi ya wanakwaya.

Nikawaambia Ishambo hatuendi, tunakwenda Chisunzu, ng'ambo ya bonde. Mwalimu wa kwaya, Mwalimu Jastini, akasimama.

"Wimbo unasema nimesimama juu ya Ishambo. Tukisimama pengine tunaimba uongo, tena kwenye video."

"Mwalimu," Shabani akasema, "si kuna wimbo wenu mnasema mko Yordani? Nimewahi kuwapeleka Yordani mimi?"

"Shabani, wewe ni mgeni kwenye kikao."

"Mgeni mwenye gari."

Mama Atu akamaliza. Akasema, "Ukiwa juu ya Ishambo huuoni Ishambo. Unaona Malawi. Twendeni Chisunzu, niimbe nikiutazama. Tunabadili neno moja tu."

Mwalimu Jastini akalinung'unikia lile neno siku nzima, kisha akalikubali akidai ni wazo lake.

Chisunzu niliupanga kama nilivyofundishwa. Uko kando ya njia ya upepo unaotoka Ishambo. Juu una mwamba mpana usio na majani. Fuso linafika mpaka shuleni chini yake na lina pa kugeuzia. Ikabaki kuongea na wenyeji. Mwenyekiti wa kijiji kile ni baba mkubwa wa Mama Atu, yaani kwangu ni baba mkwe, na mkwe kule hapayuki. Unaongea kwa chini, unashukuru, unakata simu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Binti yangu hajambo?"

"Koo linamsumbua baba. Jumamosi tunakuja na kwaya yote, tunaomba njia ya Chisunzu."

"Njooni, njooni. Wageni wa binti yangu hawatatembea kwenye majani yenye kupe. Niachie mimi."

Nikashukuru, nikakata. Nililala usingizi mzuri sana.

Jumamosi tukatoka Tunduma alfajiri, tukachepuka Mpemba, tukashika njia ya Ileje. Nilikuwa nimempiga marufuku Mama Atu kuongea mpaka atakapoimba, na kwa kuwa nilijua hilo ni sawa na kumzuia mtu asipumue, nilimpa filimbi yangu ya kazi. Hilo lilikuwa kosa dogo ndani ya siku yenye makosa makubwa. Kufika Isongole kila mtu ndani ya Fuso alishajua lugha yake: mlio mfupi ni punguza mwendo, mfupi na mkali ni Mwalimu Jastini nyamaza, na wa kutetemeka ni kicheko.

Kisha tukakunja kona ya mwisho, Chisunzu ukatokea mbele yetu, mweusi.

Si mweusi kidogo. Kuanzia shuleni mpaka begani palikuwa peusi kama chungu, vijimoshi vinachungulia huku na kule kwenye visiki. Chini yake Mwenyekiti amesimama na koti lake refu, vijana wa kijiji wamepanga mstari na matawi mabegani kama gwaride, nyuso zao zimejaa masizi na fahari.

"Karibuni, karibuni sana," akasema. "Tumewasafishia. Hakuna kupe, hakuna nyoka, hakuna upupu. Vijana wameanza jana asubuhi, wamekata mkanda pembeni kote, hata shamba la jirani halijaguswa."

Shabani akainamia sikio langu. "Baba Atu, mlima umepikwa."

Na kweli walikuwa wamefanya kazi nzuri. Mkanda ulikatwa sawasawa, moto ulipigwa ukazimika, hakuna kitu kilichotoroka. Katika wilaya nzima siku ile hapakuwa na mlima salama kuliko ule, kwa sababu haukuwa na kitu cha kuungua tena. Nilikuwa nimeukimbia mlima unaoungua, nikapanga mwingine kwa akili zangu zote, na heshima ikauchoma.

Nifanyeje? Mkwe. Nikainama nikasema, "Ahsante baba. Tumeuona upendo."

Filimbi ikalia kutoka juu ya Fuso, ndefu, inapanda na kushuka.

"Binti yangu anasemaje?" Mwenyekiti akauliza.

"Hiyo ni filimbi tu baba. Maneno yenyewe atayaleta koo likipona."

Mzee akacheka. "Huyo tangu utoto."

Lakini mimi sikuwa nacheka. Majivu mepesi yakikanyagwa yanainuka, na watu wengi wakipanda mstari mmoja, wanaofuata wanayala yote. Koo zima linaweza kustahimili na kukohoa siku mbili. Lile la Mama Atu, lenye uvimbe, lilikuwa na asubuhi ile moja tu. Nikafikiria tuimbe pale pale shuleni, kwenye goli la mpira. Nikamwambia. Akaitoa filimbi mdomoni, akaninong'oneza maneno ya kwanza tangu tutoke nyumbani.

"Baba Atu, umepandisha Wazungu, umepandisha mabosi, umepandisha watu kwenye maganda. Nipandishe na mimi."

Basi sikilizeni vijana, hapa ndipo pa kujifunza. Anayehitaji pumzi anatangulia. Hapana kujipanga kwa vyeo. Nililowesha kitenge nikamfunga puani na mdomoni, tukapanda wawili peke yetu upande unakotoka upepo, tukikanyaga mawe na si ardhi, kwaya ikisubiri chini mpaka tufike begani. Kila hatua tulikaguana. Nilimwambia kanyaga kama unapita kwenye nyumba yenye mtoto aliyelala. Kitenge kikikauka tukakilowesha tena.

Mwalimu Jastini nilimwachia neno moja: sare zibaki kwenye mifuko, mtavalia juu. Akasema Frenki anataka picha za kwaya ikipanda, na kwaya haiwezi kupanda na kaptula.

Tulipofika begani Mama Atu akasimama. Ng'ambo ya bonde Ishambo ulikuwa unafuka kuanzia kifuani kwenda juu. Chini yake mabati ya kijiji chao yalikuwa yanang'aa yote, hakuna lililokosekana. Akayahesabu kwa kidole mpaka akalipata la kwao. Akapuliza filimbi mara moja, polepole, pumzi tu, karibu isilie. Nikampa maji.

Kisha kwaya ikaanza kupanda, na mimi nikaona kwa juu jinsi satini nyeupe inavyokufa. Mwanzo ilikuwa pindo tu. Halafu mama mmoja wa sauti ya kwanza akateleza, akamshika wa nyuma yake, wa nyuma akashika kisiki. Wakifuta jasho wanajipaka. Wakijikung'uta wanampaka jirani. Utepe wa dhahabu ukapotea. Walipofika juu hakuna aliyeweza kumtofautisha mtu wa besi na mtu wa sauti ya pili, na kila mmoja alikuwa anamcheka mwenzake akiamini yeye ni msafi.

Shabani alifika wa mwisho, kinanda kichwani.

"Mwalimu, hii ni kwaya au ushirika wa wauza mkaa?"

"Shabani, tua kinanda."

"Natua. Jenereta liko wapi?"

Jenereta lilikuwepo, ila limevuta majivu njia nzima, halikutaka habari. Wanaume walilivuta kamba kwa zamu, likakohoa, likanyamaza. Na baada yake kwaya nayo ikaanza kukohoa, kwanza wawili watatu, kisha wote, maana kikohozi kwenye kwaya kinaitikiwa kama wimbo.

Mwenyekiti naye alikuwa amepanda, na koti lake. Akaketi kwenye jiwe zuri nyuma ya Mama Atu, katikati kabisa ya picha, akatoa kiazi mfukoni akaanza kumenya. Frenki akanifuata.

"Mzee, umwombe yule babu asogee."

"Siwezi. Ni baba mkwe."

"Sasa nitamfanyaje?"

"Mpige picha vizuri."

Mwalimu Jastini alikaa chini akashika kichwa. Kinanda hakuna, kiitikio hakuna, sare hakuna. Frenki, ambaye alikuwa kijana mwenye akili, akasema wanakwaya wasimame, wafumbe midomo, watikise mabega tu. Mama Atu akafungua kitenge. Koo lilikuwa limevimba, mlima mbele ya macho unafuka, nyuma yake watu weusi ti wanatikisa mabega kwa uchungu wa kuzuia kikohozi, na mzee mmoja anakula kiazi.

Akaimba.

Sina elimu ya muziki. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba vijana wa kijiji waliokuwa bado wanazima visiki chini walisimama wima na matawi yao. Aliimba wimbo wote bila kukata. Alipofika kwenye lile neno lililobadilishwa, nakutazama, aliinyosha sauti hadi ng'ambo, nami nikageuza uso upande wa njia, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, kuangalia njia. Alipomaliza, Mwenyekiti alikuwa ameacha kiazi nusu. Frenki alikuwa na mazoea ya kusema turudie hata kwa mahubiri, lakini hakusema turudie.

Mwanakwaya mmoja akakohoa, na wote wakaachia pamoja. Hiyo nayo iko kwenye video.

Upepo wa mchana ulikuwa unaanza kugeuka, nikawashusha kabla moshi wa Ishambo haujatufikia. Hili nalo mlishike: ukishapata ulichofuata, shuka. Usisubiri kupiga picha na kila mtu. Na mkiwapigia wenyeji simu kabla ya safari, kama inavyotakiwa, salimieni, ombeni njia, kisha semeni kwa heshima zote, "Baba, tafadhali, kupe tunawapenda." Mimi tangu siku ile sikuwahi kusahau kusema hivyo, na kuna vijiji vinaniona nina kasoro.

Jumatatu alilazwa. Uvimbe ukatoka salama. Daktari alimkataza kuongea kwa muda, akatii kwa ajabu, na siku aliporuhusiwa alifungua mdomo kunisalimia nami nikageuka kumtafuta mwanamume aliyeingia wodini.

Ile sauti nyembamba ilikuwa imekwenda. Iliyokuja ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, kama gari la mizigo linalopanda kilima kwa gia ndogo. Alilia siku hiyo, nisiwadanganye. Alikaa miezi bila kwenda mazoezini. Kisha Mwalimu Jastini, ambaye nimemcheka sana humu na ni haki nimtendee haki, alikuja nyumbani, akamwambia, "Mama Atu, besi yangu ina wanaume wanne na wawili wanasinzia. Njoo."

Akaenda. Akasimama katikati ya wanaume, akaimba besi, na wale wawili hawakusinzia tena, kwa sababu alikuwa anawapiga kiwiko. Alifurahi kule kuliko alivyokuwa mbele. Alisema mbele unamwona mwalimu wa kwaya tu, nyuma unaona nani amevaa nini.

Nyumbani tukazoea taratibu. Shabani alipiga simu mara moja, Mama Atu akapokea, Shabani akasema, "Samahani kaka, naomba kuongea na shemeji." Akajibiwa, "Shemeji ndiye mimi, na ile ndoo yangu uirudishe." Bodaboda wa kona yetu waliamini kwa muda mrefu kwamba nina kaka yangu mkali anakaa ndani, hatoki, na ananifokea. Mmoja alinipa ushauri wa kumfukuza. Nilimwambia hapana, nimemzoea.

Alipotutoka, kwa moyo, ghafla, hata si koo, watu wema walinitumia ile video. Kwaya ilinitumia, Frenki alinitumia, ndugu wa Ileje walinitumia, mpaka simu ikasema haina nafasi. Kila mmoja ananiandikia, pole Baba Atu, sikiliza sauti yake ikufariji. Huwa naifungua. Ni sauti nzuri, sibishani na mtu. Namwona amesimama pale, na weusi wote nyuma yake, nacheka peke yangu.

Lakini sauti ile ni ya mwimbaji, na mimi jioni nikikaa uani naitegea sikio sauti nyingine. Ile nzito. Iliyokuwa inawafukuza kuku kwenye maharage, inaniuliza kama nimekula, inabishana na redio. Tuliishi nayo miaka mingi kuliko watu wanavyodhani, kila siku, karibu yangu, na simu zote zilikuwa mezani zina kamera, na hakuna aliyewaza kuirekodi.